Reli ya Chumba cha Nyuma

Mwaka 1976, redio ilipotangaza kwamba mtawala wa Uganda anadai sehemu kubwa ya ardhi ya Kenya, watu wa Nyamasaria, kando ya mji wa Kisumu, walianza kutazamana kwa pembe ya jicho. Wabwire alitazamwa zaidi. Alikuwa Msamia wa karibu na Busia, na nusu ya ukoo wake ilikuwa ng'ambo ya mpaka. Alifanya kazi stesheni ya Kisumu, ya kuvuta mitambo inayobadilisha njia za treni. Alikuwa mtu mpole asiyelewa pombe wala kugombana. Sasa hata upole wake ulionekana una jambo.

Lakini aliyetangulia kumshuku ni mkewe, Metrine, na yeye hakuwa na habari na mambo ya Uganda. Wabwire alikuwa amekitia kufuli chumba cha nyuma, alimolala binti yao Nasipwondi kabla ya kuolewa. Akitoka kazini, anajifungia humo. Metrine akiwa jikoni anasikia kengele: ting, ting. Kimya. Halafu nyingine, ya sauti nzito, kana kwamba inaitikia.

"Baba Nasipwondi, unaongea na nani huko?"

"Siongei na mtu."

"Na hizo kengele?"

"Vitu vya kazi tu."

Kazi gani ya serikali inaletwa nyumbani na kufungiwa? Metrine aliwaza mwanamke, akaona haiwezekani, dirisha ni dogo. Akawaza uganga. Hilo lilimkaa. Jumapili kanisani alimtazama mumewe akiomba, akajaribu kusoma midomo yake.

Jirani yao Beldina, aliyeuza samaki ufuoni Dunga, alikuwa na lake. Wabwire alikuwa akimwomba masanduku ya samaki yaliyovunjika, tena mengi. Kisha siku moja Beldina alimkuta gatini, pale mabehewa yanaposukumwa yaingie ndani ya meli. Wabwire alikuwa akitembea kisigino kwa kidole, anasimama, anatazama, anaanza tena.

"Mama, bwana yako anapima gati," alimwambia Metrine kisimani, mbele ya wanawake wengine. "Nimeona na macho yangu. Mtu anapima gati ya nini, kama hana mtu wa kumpelekea?"

"Anafanya kazi huko. Unataka atembee akiruka?" Metrine alijibu, na wanawake wakacheka.

Beldina hakucheka. Alikwenda kwa Dishon, msaidizi wa chifu.

Dishon alifika Jumamosi alasiri pamoja na afisa mmoja aliyevaa nguo za kiraia. Afisa hakukaa kwenye kiti alichopewa.

"Fungua hicho chumba."

Wabwire alisimama mlangoni, jasho likimtoka. "Bwana, si kitu. Ni mchezo."

"Fungua," Metrine alisema nyuma yake. "Hata mimi nataka kuona."

Wabwire aligeuka akamtazama. Akatoa ufunguo.

Meza ndefu ilizunguka kuta tatu, imeundwa kwa mbao za masanduku ya samaki. Pembeni palikuwa na ziwa la bati lililopakwa rangi ya buluu, gati, na stesheni ya Kisumu na paa lake. Kutoka hapo reli nyembamba zilipita stesheni ya Kibos, zikapita miwa ya Miwani iliyotengenezwa kwa nyuzi za katani, zikapanda hadi Muhoroni ukutani. Juu ya reli palikuwa na injini ndogo ya kutiwa ufunguo kama saa, aliyoinunua kwa karani Mhindi aliyekuwa akihama.

"Nani amekutuma kutengeneza ramani hii?" afisa aliuliza.

"Hakuna, bwana. Mwanzo ilikuwa duara tu. Treni inazunguka, inazunguka, haifiki mahali. Ikaniuma. Nikalikata duara nikalinyoosha mpaka Kibos. Sasa ikifika Kibos lazima ipishane na ile inayoshuka, nikaongeza njia ya kupishania. Na kwa sababu reli ni moja, Kisumu haiwezi kuiachilia treni kabla mtu wa Kibos hajakubali kwa kengele."

"Na huyo mtu wa Kibos ni nani?"

"Ni mimi. Napiga hapa, nakimbia kule, najiitikia."

Dishon aliangua kicheko. Afisa hakutikisika. "Na gati?"

"Nilikisia urefu wake, mabehewa yakawa yanaanguka ziwani. Ndiyo nikaenda kupima."

Afisa aliamuru gati ing'olewe. Wabwire aliomba aifungue mwenyewe, ili isivunjike. Aliitia ndani ya gunia, akaibeba mwenyewe hadi garini. Walimchukua na yeye, wakamrudisha Jumatatu. Alichoulizwa hakukisema kamwe, na kazini alihamishwa mbali na upande wa ziwa.

"Kwa nini ulinificha?" Metrine alimwuliza.

"Mtu mzima na treni ya watoto. Ningeanzia wapi?"

Metrine aliona haya kwa neno alilolisema pale mlangoni, ila hakupata njia ya kulirudisha. Siku kadhaa baadaye aliingia chumbani bila kubisha, akauliza, "Kibos ni upande gani?"

Akawa mtu wa Kibos, tena mkali kuliko waajiriwa. Behewa moja likisahaulika njiani, hakubali treni. Wabwire humsihi, yeye husema, "Ngoja kama wengine."

Mtaani wengi hawakuamini kwamba ni mchezo tu. Dishon aliendelea kupunguza mwendo kila akipita dirishani. Na mwaka uliofuata Beldina alikuja kutazama, kwa maneno yake, "hiyo maajabu." Aliisifu miwa, akalisifu ziwa. Kisha alidondosha leso yake makusudi, akainama, akachungulia chini ya meza kwa muda mrefu.

Metrine alimwona. Akamsogezea taa.

"Tazama vizuri, Mama," alisema. "Usirudi nyumbani na wasiwasi."

Beldina aliinuka, akajipangusa magoti, akaaga. Mlangoni aligeuka mara moja zaidi.