Fundi, Ethanoli na Nyanya za Mke Wangu

Idara yetu ya nishati imetangaza rasmi kwamba lori dogo likijazwa petroli iliyochanganywa na ethanoli huenda mbali zaidi, tena kwa gharama ndogo. Sentensi hiyo niliitunga mimi. Fundi wetu habishani na matangazo. Hufuta kidole kimoja kimoja kwa kitambaa, hunusa tangi, kisha huguna. Leo nilimpigia simu nikiwa nimeishiwa mafuta mlimani na nyanya za mke wangu, zilizopaswa kuwahi soko.

“Imekuwaje tena, bosi?”

“Nilihesabu kilomita kwa kufuata tangazo.”

“Basi mpigie aliyeliandika aje asukume.”

Alipofika, nikamsaidia kushika dumu. Alimimina petroli isiyo na ethanoli taratibu, uso kaugeuzia pembeni, mabega yakimtikisika. Nilifika sokoni saa tisa. Soko lilifungwa saa nane.