Wimbo Uliorekodiwa Mara Mbili

Redio ilikuwa ikiupiga wimbo ule kila Jumapili alasiri, na ulipoanza tu, baba alitoka kwenda kuangalia ng'ombe. Majirani zetu hapa Nyamira walijua alipiga tarumbeta katika bendi iliyourekodi. Hawakujua kwamba tarumbeta waliyoisikia si yake.

Mama ndiye aliyenieleza. Mara ya kwanza bendi nzima ilizunguka maikrofoni moja huko Nairobi, baba akasimamishwa karibu na mlango asije akamfunika mwimbaji. Santuri hiyo haikununuliwa. Mwenye studio akawaita tena wauharakishe mdundo, na siku aliyopanga ilikuwa Jumamosi. Baba, Msabato, alisema angefika jua likishatua. Hawakumngoja. Walikodi mpigaji wa mjini, na rekodi hiyo ndiyo iliyovuma. Baba aliiuza tarumbeta yake kabla sijazaliwa.

Mama alitangulia, kisha baba. Nilipobaki peke yangu katika nyumba yao, nilitaka kitu kimoja: kumsikia akipiga. Niliitafuta santuri ya kwanza Kisii na Keroka. Wauzaji walinipa ya pili, wakashangaa nikiirudisha. Mwishowe nilielekezwa Manga, kwa mpiga besi, mtu pekee aliyebaki hai katika bendi ile.

"Tata, umenitambua?" nilimuuliza, nikimwita 'baba' kwa Kigusii kama tunavyowaita wazee.

"Nitakosaje? Shingo ni ya babako. Nayo ni ngumu vilevile?"

Santuri alikuwa nayo, chini ya kitanda. Aliipangusa kwa pindo la shati. "Tulimbembeleza. Tukamwambia dunia nzima itausikia wimbo huu. Akasema, 'Basi itausikia bila mimi.'"

Sindano ilikwaruza. Mdundo ulikuwa mzito, wa polepole, na nikaelewa kwa nini santuri hiyo haikununuliwa. Kiitikio kilipokwisha, tarumbeta ikaingia kwa mbali. Nilitarajia huzuni. Lakini baba yangu, ambaye angeweza kula chakula cha jioni bila kutamka neno, alikuwa anafanya mzaha. Kila mstari wa mwimbaji aliujibu, akamwiga, akamcheka, hadi mtu mmoja pale studio akashindwa kujizuia na kicheko chake kikabaki ndani ya santuri.

"Aliyecheka ni mimi," mzee alisema. "Babako alikuwa na vituko!"

"Mimi sikuwahi kumwona hivyo."

Alinitazama. "Sisi tulimjua hivyo tu."

Akanyoosha mkono airudie. Nilimwomba angoje kidogo, nimzoee kwanza baba huyo.