Mwalimu alimwita mwanangu jangwa, nami nikapiga makofi

"Huyu ni mama yake Bukuru." Hivyo ndivyo mwanangu Butoyi alivyonitambulisha kwa wageni, pale kwake Kumsenga, siku nilipokwenda kumwona mjukuu wangu wa kwanza. Butoyi na Bukuru ni mapacha, wasichana wote wawili. Niliwazaa tumbo moja, asubuhi moja. Hapa Heru Juu hakuna anayeniita jina langu, wote wananiita Mama Mapacha.

Wageni wakanisalimia. Nikaweka chini unga na maharage niliyobeba. Mtoto sikupewa kumpakata.

Nilikosa mimi, sikatai. Lakini sikukosa peke yangu. Jina langu silitaji humu, ya wenzangu nayataja: Mwalimu Mathayo, na mwalimu mkuu wake, Bi Skolastika.

Mimi niliishia darasa la tatu. Baba yao alipofariki nikajiapiza kwamba wanangu hawatashika jembe kama mimi. Nikalima muhogo, nikalima maharage, nikawapeleka wote wawili Inglishi Midiamu, Kasulu mjini. Sitaitaja ile shule, maana kuna watoto wa watu bado wanasoma pale.

Mathayo alikuwa na somo lake alilojivunia, akiliita "maneno pacha". Ni yale maneno ya Kiingereza yanayofanana kwa sura au kwa sauti, halafu kila moja lina maana yake. Alikuwa anayaandika kwenye vibao, anawavalisha watoto wawili shingoni, anawasimamisha mbele ya wenzao. Sasa akaletewa mapacha wa kweli darasani. Yewe, alifurahi kama mtu aliyeokota mbuzi njiani.

Bukuru alikishika Kiingereza upesi. Butoyi alikuwa wa polepole, anafikiri kwanza ndipo aseme. Hata Kiha alikiongea hivyohivyo.

Siku ya kikao cha wazazi, Mathayo akawasimamisha jukwaani na vibao vyao. "Wazazi, tazameni. Dessert na desert. Ukiyaandika, herufi moja tu inayatenganisha. Hili la Bukuru ni kile kitamu wanachokula wazungu wakimaliza chakula. Hili la Butoyi ni jangwa." Akamshika Butoyi kichwani. "Sura ni moja, lakini huku kuna utamu, huku mwagilia maji mpaka uchoke, hakuoti kitu."

Ukumbi ukacheka, nami nikacheka. Nilipiga makofi kuliko wote, nikamwambia mama aliyekaa karibu yangu, "Ni wangu wale." Nilijivuna kwa sababu mwalimu alikuwa amewachagua wangu kati ya watoto wote wa wenye magari.

Tukarudi nyumbani kwa miguu. Njiani Butoyi akaniuliza, "Mama, jangwa ndio nini?"

"Mahali pasipoota kitu."

"Hata muhogo?"

"Hata muhogo."

Mimi nikaendelea kumsifu dada yake mpaka tukafika.

Sisi Waha wa huku kwetu tuna adabu ya mapacha. Ukimpa mmoja, unampa na mwenzake, kitu kilekile, saa ileile. Ukimshonea huyu gauni, unamshonea na yule. Mimi niliifuata adabu hiyo tangu wananyonya. Wiki ile nikaivunja: nikamnunulia Bukuru viatu peke yake.

Mama mkwe wangu, alikuwa bado hai, akaniita uani. "Mwana wanje, mwanangu, umefanya nini? Pacha ukimpa mmoja umemnyang'anya mwenzake."

"Mama, hayo ni ya zamani. Sasa hivi ni Kiingereza."

"Na hicho Kiingereza ndicho kilichokuambia Butoyi hana miguu?"

Nikamwona mzee wa kale. Mungu amrehemu, leo ningempigia magoti.

Jina la Jangwa likamganda mwanangu. Shule nzima walimwita hivyo, na siku moja, amechelewa kuteka maji, likanitoka hata mimi. Halafu Bi Skolastika akaniita ofisini. "Mama, huyu anamvuta mwenzake nyuma. Watenganishe, utaona." Nikamtii kama mtoto. Shule zilipofungwa nikampeleka Butoyi Kumsenga kwa dada yangu, akalime.

Hakulia. Alikunja sare zake vizuri, akaziweka kitandani kwa Bukuru. "Atapata za kubadilishia," akasema.

Likizo iliyofuata Bukuru akaomba kwenda kumwona pacha wake. Hakurudi. Nilipotuma maneno, dada yangu akanirudishia jibu la Bukuru: "Mwambieni mama aje achukue viatu vyake." Sasa Bukuru anauza vitenge sokoni Kibondo, Butoyi ameolewa hukohuko Kumsenga, na mimi hapa napika chungu kidogo, kinabaki.

Majuzi nilikuwa Kasulu na maharage yangu sokoni, nikamwona Mathayo. Amenenepa. Bado yuko shule ileile, na sasa ana twisheni yake mwenyewe, na vile vibao bado anavyo, anawavalisha watoto wa wengine. Nikamkumbusha mapacha wangu.

Akacheka. "Aa, mama, ule ulikuwa utani wa kufundishia. Watoto husahau. Yule wa pili aliitwa nani vile?"

Hata jina hakulikumbuka.

Padri ananiambia nimsamehe. Nimemjibu, Baba, ngoja kwanza. Msamaha nitauomba mimi kwa Butoyi, kila mwaka, hata akinifungia mlango, kwa sababu mdomo wangu ulicheka. Ila huyu simsamehe akiwa ameshiba na anacheka.

Mzazi unayesoma hapa, mtu akimsimamisha mwanao akamfanya mfano wa ubaya, hata kama ukumbi mzima unacheka, inuka umtoe. Usisubiri kuambiwa ni somo.

Na wewe Mathayo, Kumsenga unakujua, pikipiki zinafika. Nenda ukasimame mbele ya Butoyi, mbele ya mume wake na majirani zake, uliseme jina lake lote kwa mdomo wako, umweleze nani alikupa ruhusa ya kusema kwake hakuoti kitu. Umchukue na Bi Skolastika. Msipokwenda, kikao chenu kijacho cha wazazi nitakuwepo, na safari hii sitapiga makofi. Nitawauliza hayohayo, kwa Kiha, na mtanijibu.