Kutoka Stesheni Mpaka Ziwani

Bethwel na mkewe Lenah walibishana jambo moja maisha yao yote. Walipooana walipanda garimoshi pale Kipkelion, wakashuka Kisumu, wakatembea mpaka ziwani. Lenah alisema ni hapo tu: ukibeba chai kikombeni, unafika bado ina moto. Bethwel alisema ni mbali, viatu vipya vilimchubua visigino. Walibishana wakichuma chai, wakabishana wakikama ng'ombe. Wageni walicheka tu.

Lenah akafa. Nyumba ikanyamaza. Mzee akavumilia mpaka mvua kubwa ikapita, ndipo akaenda Kisumu apime kwa miguu yake, neno liishe.

Stesheni aliijua. Ziwa alilisikia harufu. Akatembea kama mtu wa milimani: akafuata mtaro, kwa maana kwao mtaro haujawahi kukosa mto. Mtaro ukamfikisha ukutani, ukapita chini yake. Yeye akabaki.

"Hapa hapapitwi, mzee," askari wa lango akamwambia. "Ni bandari."

"Tulipita siku ile na bibi yangu."

"Siku gani?"

"Wewe ulikuwa hujazaliwa."

"Basi aliyekufungulia alishastaafu."

Akazunguka. Ghala, waya, ukuta tena. Vibao vilikuwepo, lakini kusoma hakujua. Mwenye bodaboda akamwandama.

"Baba, panda nikufikishe. Jua litakumaliza."

"Nikipanda nitakuwa nimepima nini?"

Kijana akamtazama kama mgonjwa, akaenda zake.

Jua la Kisumu si la Kipkelion. Koti likageuka mzigo. Kila aliyemwuliza alimwonyesha kwa mdomo, na kila mdomo ulikuwa na upande wake. Akaukasirikia ukuta, akawakasirikia walioujenga, akamkasirikia hata Lenah kwa kuondoka neno likiwa katikati.

Mchana ulikuwa umeenda alipofika kwa wauza samaki. Gugumaji lilikuwa limefunika ziwa kama shamba. Mama mmoja aliyekuwa akikaanga akamsogezea kiti.

"Pole, baba. Umetoka wapi hivi?"

"Stesheni."

"Kwa mguu? Uwi! Si ni mbali sana!"

Miaka yote alingoja mtu aseme hivyo. Sasa neno limesemwa, likamchoma.

"Si mbali," akasema kwa ukali. "Ni hapo tu. Shida ni ukuta."

"Baba, mimi naishi hapa. Ni mbali."

"Mama, nakwambia ni karibu!"

Hakuketi. Akabaki amesimama juani, anabishana.