Kikombe cha Mama Zaina

Mwanangu, ninaikumbuka asubuhi ile Mama Zaina alipofunga mizigo akavuka mto kwenda kupanda treni ya Ubundu. Hata leo honi ikilia kule ng'ambo, ninaacha pondu, majani yetu ya muhogo, jikoni nasikiliza.

Ulikuwa na wiki chache tu. Mama yangu alikuwa amekwisha kufa, na jirani yetu huyo, mjane wa Maniema, akasema mzazi hakai bila mama. Kila asubuhi akaniletea kikombe cha maziwa ya unga, ya moto, yenye tangawizi, ili ziwa lijae. Sisi watu wa mto, wa Yanonge, chakula chetu ni samaki. Tangu niachishwe ziwa sikuwahi kunywa maziwa. Lakini kikombe kinacholetwa kwa upendo vile, nani atakikataa?

Tumbo likavimba. Likanguruma kama maporomoko ya Tshopo, kila saa mimi na choo. Ndipo akaja Tantine Béa, shangazi wa baba yako. Hakuuliza ninakula nini. Alimwita Mama Zaina katikati ya kiwanja, watu wote wasikie.

"Ulimutilia nini humu ndani, we mama?"

"Maziwa, dada. Ile ile nakunywaka mimi." Akachukua kikombe changu, akakimaliza mbele yao.

"Ah bon! Mwenye sumu anajuaka na dawa yake!"

Watu wakacheka. Nikapiga kelele kwamba si yeye. Mgonjwa nani atamsikiliza? Baba yako akaangalia viatu vyake. Hiyo bado inaniunguza.

Mama Zaina akafunga mizigo yake. Alikugusa kichwa, akaniambia, "Lea mutoto, ma fille, binti yangu. Mimi narudia kwetu."

Na tazama ubaya wa mambo: alipoondoka, nikapona! Tantine akatamba mtaa mzima, "Si nilisema?"

Siku ya kukupeleka kupimwa, nikamweleza daktari yote. Akauliza swali ambalo hakuna aliyeliuliza: "Mama, tumbo lilikuwa linavimba nyuma ya kula nini?" Akanieleza kwamba miili ya watu wazima wengi haiwezi tena kusaga sukari iliyo ndani ya maziwa, si sumu, si uchawi. Akasema ninywe tena kikombe kimoja, asubuhi, bila kitu kingine, tuone.

Tantine mwenyewe ndiye aliyefungua kopo jipya la maziwa, asiguse mtu mwingine. Alichemsha maji, akakoroga kwa mkono wake. Kabla ya adhuhuri tumbo likawa ngoma.

"Tantine," nikamuuliza, "basi na wewe iko mulozi?"

Akajifunga kitenge upya, akaenda zake.

Nimetuma salamu kwa kila msafiri wa Ubundu. Hakuna jibu. Maji yakimwagika hayazoleki, mwanangu, na maneno ni maji mabaya zaidi. Tangawizi ninayo, mkono wake sina.

Basi shika hili. Tumbo likikusumbua, liulize lenyewe kwanza: nimekula nini, na nini kilifuata? Acha kile unachoshuku, uone kama utapona. Kisha kijaribu tena, daktari akijua. Lakini kumtaja mtu kabla ya kukitaja chakula, usithubutu. Ulimi hauna mfupa, lakini unavunja nyumba ya mwenzako.

Mungu akupe mdomo mwepesi wa kuuliza na kidole kizito kunyooka. Na siku moja treni ile imrudishe, akukute mlangoni, wewe Zaina wangu, asikie nakuita kwa jina lake.