Hita Iliyotazama Barabarani

Bibi yangu mzaa mama hamuulizi mgeni habari za safari kabla hajaoga. Ukifika kwake, kwenye mteremko wa Kilimanjaro, unasalimia, unapokewa mzigo, kisha unaoneshwa ndoo ya maji ya moto nyuma ya nyumba. Mengine yote, yawe ya msiba au ya posa, yanasubiri. Mimi nimezaliwa Ilala, ambako miezi ya joto maji ya bomba hutoka vuguvugu bila mtu kuyaomba, kwa hiyo utotoni niliiona desturi hiyo kama usumbufu. Nilipoingia chuo nikaanza kuiona kama swali. Ndoo moja inakula kuni ngapi? Na moshi wake anauvuta nani?

Aliyeuvuta alikuwa Bibi. Kila Desemba ukoo wetu unapanda kwake kutoka Dar, watu wasiopungua ishirini, na kwa wiki nzima debe halishuki mafigani. Mwaka juzi kifua kilimbana, akaletwa mjini kutibiwa. Daktari alimsikiliza mgongoni kwa muda mrefu, kisha akauliza anapikia nini.

"Chakula napikia gesi, mwanangu ameninunulia. Maji ya kuoga ni kuni."

"Kuni uache, Bibi. Ukiendelea kuvuta moshi, dawa zangu ni kutwanga maji kwenye kinu."

"Sasa daktari, nisioge?"

Mama yangu alicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu niliona swali lile lilikuwa la haki. Mlimani huko, mwezi wa saba, maji ya bomba yanatoka kwenye chemchemi yakiwa na baridi ya kuuma mifupa. Mtungi wa gesi ukichemshia maji ya kuoga kila siku, haumalizi mwezi. Umeme unakatika na kurudi kama mgeni asiye na adabu. Jioni ile ile nikaanza kusoma kuhusu hita za maji za jua.

Mjomba wangu, mwanawe Bibi, anauza mabomba na koki Kariakoo. Dukani kwake ndipo ukoo wetu unapofanya vikao vyote vikubwa, watu wamekaa juu ya maboksi ya viungio. Nilipowaeleza juu ya hita, mjomba alikubali kabla sijamaliza. Mimi ndiye niliyekuwa sijaridhika. Kwa wiki mbili nilizunguka maduka ya mtaa wa pili nikiuliza maswali. Mirija ya kioo itafika salama kwa barabara? Tanki lina unene gani? Maji ya mlimani yana chumvi? Mrija mmoja ukipasuka, mingine inaendelea kufanya kazi? Muuzaji mmoja, kijana aliyekuwa akinijibu huku akila mihogo, mwishoni aliweka sahani chini.

"Dada, samahani. Unanunua hita au unachunguza mchumba?"

"Mchumba ningeshamaliza."

"Basi huyo mchumba kazi anayo."

Nimesomea jiografia. Nalitaja hilo sasa hivi kwa sababu litanihukumu baadaye.

Tuliisafirisha hita Desemba, mirija imeviringishiwa mablanketi kama watoto wachanga. Fundi wa pale kijijini alikuja siku mbili kabla ya Krismasi. Nyumba ya Bibi ina paa la pande mbili: mmoja unatazama chini barabarani, wa pili unatazama mgombani na mlimani. Fundi akauliza aweke wapi.

"Mbele," mjomba alisema. "Watu waione."

Kwetu nyumba hujengwa kwa ajili ya Desemba. Rangi hupakwa Novemba, na geti jipya hufungwa kabla magari ya mjini hayajaanza kupanda. Nilijua mjomba anasema kwa mazoea hayo, nikamzuia fundi. Sikutaka jambo la kifua cha Bibi liamuliwe na macho ya wapita njia. Ikafika saa sita mchana, nikasimama katikati ya uwanja na kutazama kivuli changu. Kililala nyuma yangu, kikielekea mlimani. Jua, basi, lilikuwa upande wa barabara. Nikamgeukia fundi nikamwambia, kwa sauti ya mtu aliyepima, "Mjomba yuko sahihi. Ni mbele."

Mkesha wa Krismasi maji yalitoka yakiunguza. Watoto walipanga foleni bafuni wakipiga kelele. Bibi alioga kwa muda mrefu kuliko siku zote, akatoka amejifunga khanga mbili, akasema maji haya hayana harufu, mtu anaweza kudhani hajaoga. Siku hizo chache hakukohoa sana. Mjomba, kwa furaha, akagawa lundo lote la kuni kwa jirani, na mafiga ya nyuma ya nyumba akayabingirisha mgombani. Sikumzuia. Kilichobaki ndicho kinachonikera zaidi: majirani walipokuja kutazama, nilisimama uwanjani nikawaeleza kama mtoa semina. Niliwaeleza juu ya kuni, moshi, miti ya msituni na vifua vya kina mama. Nyumba mbili ziliagiza hita kupitia kwa mjomba kabla hatujashuka Dar, na zote zikafungwa kama ya Bibi, zikitazama barabarani.

Mwezi wa sita ulipoingia nilianza kumpigia Bibi kila Jumapili.

"Shikamoo Bibi. Maji yanapata moto?"

"Marahaba. Yanapata, mjukuu wangu."

Kisha nilikuwa nikisikia kikohozi, simu ikiwa imesogezwa mbali na mdomo. Nilimwambia mama kwamba kuna jambo. Mama akasema ni baridi tu, na kwamba mimi nimezoea kuchokonoa hata kidonda kilichopona.

Jibu nililipata kwa mtu ambaye sikumuuliza. Mbele ya duka la mjomba, mama mmoja anauza vitenge kwenye meza. Ni mtu wa kusini, mzungumzaji, na tangu nikiwa mdogo ananiita mkwe. Siku moja ya Julai nilipita mchana kumpelekea mjomba chakula, nikamkuta ameihamishia meza yake upande wa pili wa barabara.

"Mkwe wangu, mambo?"

"Poa, mama. Umefukuzwa kwetu?"

"Nimefukuzwa na jua. Tazama pale nilipokuwa, linanipiga usoni. Kitambaa kikipauka nani atanunua? Nitarudi kwenu mwezi wa kumi, likihama."

"Likihama kwenda wapi?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali na ng'ombe. "Kwenda upande huu. Desemba linakaa huku, wakati wa baridi linakaa kule. Wewe si ndiye uliyesoma?"

Nilitazama chini. Kivuli changu, saa ile ya mchana, kilikuwa kimelala mbele yangu kuelekea kusini, upande ule ule ambao Desemba jua lilikuwa limesimama. Nilikaa kwenye kigingi cha zege na bakuli la mjomba mapajani. Nilifundishwa jambo hili sekondari. Nikafundishwa tena chuo, mwaka wa kwanza, kwa mchoro wa dunia iliyoinama. Niliujibia mtihani. Kisha nikasimama uwanjani kwa Bibi nikapima mwaka mzima kwa kivuli cha siku moja, siku ambayo sisi watu wa mjini tupo nyumbani. Hita ile ilifungwa kwa ajili yetu. Katika baridi kali, ambapo Bibi yuko peke yake, jua lilikuwa likipita nyuma ya hita, upande wa mlimani.

Siku ya Ijumaa nilinunua sweta zito la mtumba Mchikichini, na alfajiri ya Jumamosi nikapanda basi. Sikupiga simu.

Niliona moshi kabla sijaiona nyumba. Bibi alikuwa nyuma, ameinama juu ya mafiga matatu aliyoyabingirisha kutoka mgombani mwenyewe, mtu wa umri ule. Debe lilikuwa juu. Alikuwa akipuliza, anakohoa, anapuliza tena.

"Shikamoo Bibi."

Hakushtuka sana. Alijipangusa macho kwa ncha ya khanga. "Marahaba. Mnakuja siku hizi kama polisi?"

"Uliniambia maji yanapata moto."

"Yanapata. Moto wa kunawa mikono."

"Tangu lini?"

"Tangu mvua kubwa zimeisha. Nilidhani ni mawingu, nikasubiri. Mawingu yakatoka, maji yakabaki vile vile."

"Kwa nini hukusema, Bibi?"

Alichochea kuni kwanza. "Nikuambie wewe? Ulisimama pale uwanjani ukaongea mpaka mchungaji akakuonea wivu. Mjomba wako katumia nguvu zake zote kuleta kile kitu. Niseme kimeshindwa? Nikasema nitaoga maji ya moto ya kwangu, na kitu chenu kikae juu kikipendeza."

"Na kuni umetoa wapi?"

"Kwa jirani. Alinirudishia zangu kidogo kidogo, kwa aibu."

Nikamweleza kosa, na kwamba ni langu, si la mjomba wala la fundi. Nilimchorea kwa kijiti kwenye majivu: mlima hapa, barabara pale, jua la Desemba, jua la Julai. Alifuatilia kijiti mpaka mwisho.

"Hili ulilisoma chuo?"

"Nililisoma."

"Wakakupa cheti?"

"Wakanipa."

Akacheka. Alicheka mpaka kikohozi kikamkamata, kikamkunja, na mimi nikawa nimemshika mabega nisijue kama nicheke naye au nilie. Kilipotulia alisema, "Nenda ukaoge. Maji yamechemka."

Nilioga maji yale yenye harufu ya moshi. Niliyaonea haya kila kata niliyojimwagia.

Jumapili baada ya ibada fundi alikuja na mwenzake. Tulitoa maji, tukashusha mirija mmoja mmoja, tukakihamishia kiunzi upande wa mlimani. Ilibidi kukata matawi ya mti mmoja uliokuwa ukitia kivuli pale. Safari hii sikutazama kivuli changu. Nilimuuliza Bibi, ambaye huishi pale miezi yote kumi na miwili ya kila mwaka, jua linapita wapi mwezi wa tano, wa saba, wa tisa. Alionesha kwa kidole, bila kusita, juu ya mgomba fulani, kisha juu ya kona ya zizi. Fundi akalaza kiunzi zaidi, karibu na ulalo wa paa, ili Desemba nayo isikose chake. Nilimwambia Bibi ukweli pia: siku za ukungu mzito maji hayatachemka, hata tukiigeuza vipi. Kwa siku hizo tulimjengea jiko la udongo lenye bomba la kutoa moshi nje, na mafiga nikayarudisha mgombani mwenyewe.

Jumatatu kulikuwa na ukungu. Jumanne jua likawaka. Saa kumi jioni Bibi alifungua koki ya bafuni akaweka mkono, akautoa haraka.

"Mnataka kuniua sasa!" alisema, na akaenda kutafuta khanga yake.

Nilidhani kazi imekwisha. Nilikuwa nimeshaweka nguo kwenye begi alipotoka bafuni, shingo inafuka mvuke, amevaa lile sweta la Mchikichini.

"Na wale wawili?" aliuliza.

Nilijua anamaanisha nani. Mapaa yao yalionekana kutoka uwanjani, hita zote mbili zinang'aa, zinatazama barabarani.

"Nitawapigia simu nikifika Dar."

"Uliwaambia kwa simu?"

Nikavaa viatu. Nyumba ya kwanza ni ya mama mmoja mjane, yule aliyepewa kuni zetu. Njiani nilipanga maneno, nikayapangua, nikayapanga tena: nianze na jua, au nianze na samahani? Nilifika getini, nikapiga hodi. Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na moshi.

"Shikamoo mama. Nimekuja kukuambia kuhusu ile hita..."

"Marahaba, mwanangu, karibu." Alikuwa tayari amenipokea mkoba na anaelekea uani. "Hayo baadaye. Maji yako motoni, kaoge kwanza."

Nikamfuata kwenye ndoo.