Usikate Kitambaa

Mteja wangu huyu anauza asali Kibondo. Mwezi wa pili nilimshonea suti ya kijivu ya kwendea ng'ambo kuonana na wanunuzi, na mpaka leo, mwezi wa tisa, viza yake ya biashara haijatoka wala ubalozi hautaji tarehe. Kila akija Kasulu hupita kwangu nimpunguzie suruali, maana mwili unamwisha. Husimama wima, simu mkononi, kidole gumba kikifuta kioo ambacho kimeshatakata. "Usikate kitambaa, fundi," husema. "Kunja tu kwa ndani. Viza ikitoka nitanenepa."

Jana simu ililia nikiwa nambana pini kiunoni. Akakaza shingo, akapokea kwa sauti ya ofisini: "Ndiyo, mheshimiwa!" Kumbe ni mkewe, anauliza kama amekula. "Nimekula," akasema, na pini ilikuwa imemchoma asihisi. Nikatazama mifuko ya nyuma ya suruali. Kwa kiuno kukunjwa mara nne, imekaribia kugusana. Naye akageuza shingo, akaiona. "Fundi, hapa unaweza kukunja tena mara ngapi?" "Mara moja," nikamwambia. Akanishukuru kama mtu aliyepewa tarehe.